Sireni Iliyolia kwa Mkono Mwingine

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kitu. Shefu wa boila, mkuu wa chumba cha mvuke, mzungu mnene asiyevua kofia hata ndani, alinisimamisha kando ya mabomba akaniambia nisikilize tu. Mvuke ulikuwa mzito mle, watu walionekana miguu bila vichwa, na mengi ninayoyakumbuka bado yako hivyo hivyo, nusu yamefunikwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeoa juzi.

"Kazi ya sireni hapana ya nguvu," aliniambia. "Ni ya kungoja."

Ninyi vijana wa Likasi mna simu za kuwaamsha. Sisi tulikuwa na king'ora cha kiwanda, tulichokiita sireni, na kambi yote ya wafanyakazi iliamka, ikala na kulala kwa sauti yake. Ile ya saa kumi na moja alfajiri ndiyo ilikuwa mama yao. Mvuke ukikaa kwenye bomba hugeuka maji, kwa hiyo kwanza unafungua koki ndogo ya chini ili maji yatoke, huku unahesabu polepole mpaka thelathini. Ndipo unashika mnyororo wa koki kubwa na kuuvuta kidogo kidogo, sauti ianze chini kama mtu anayejinyoosha kitandani, kisha ipande. Kila mvutaji alikuwa na mkono wake. Mke wangu Filomena alijigamba kwamba angeutambua wangu hata akiwa mbali kule Mulungwishi, na hapo Mulungwishi kwenyewe alikuwa hajawahi kufika.

Katika siku za mwisho za utawala wa Wabelgiji, Jumapili moja baada ya misa, Papa Leonardi alikuja kwetu. Alikuwa fundi wa kuyeyusha shaba na katekista wa parokia, mtu ambaye hata akiomba maji ya kunywa unasimama.

"Kesho muntu asiende kazi," alisema. "Tunaomba uhuru, hapana mukate. Sireni ikinyamaza, bantu bote batajua. Weye hautafanya kintu. Utaacha tu."

"Papa, minye niko na bibi, na iko na mimba. Batanifukuza mu nyumba."

"Batatufukuza shiye bote."

Filomena aliendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo, na Papa Leonardi akaaga.

Sasa niwaambie jambo ambalo sijawahi kuwaambia. Alfajiri ile nilikwenda kazini nikiwa nimeamua kuvuta. Niliogopa, basi. Nyumba ilikuwa ya kampuni, kazi ikiisha na nyumba imekwisha, na Filomena alikuwa karibu kujifungua. Nikafungua koki ndogo nikaanza kuhesabu. Nje ukungu ulikuwa umelalia mapaa ya kambi, na nilijiona niko mbali, kama ninamwota mtu mwingine amesimama pale. Nilimwona Filomena na mchi wake. Nilimwona Papa Leonardi akisoma somo kanisani, kidole juu ya mstari. Maji yakaisha, mvuke mtupu ukanipuliza miguuni, nami bado nahesabu.

Shefu akaingia mbio. Fununu za mgomo zilikuwa zimemfikia.

"Weye nafanya nini? Saa napita!"

"Maji, shefu. Bado."

"Maji gani! Toka!"

Akanisukuma ukutani, akauvuta mnyororo kwa uzito wa mwili wake wote. Sireni ikapiga yowe kutoka juu kabisa, ikakatika.

Kambi yote ilisikia. Watu waliokuwa wameketi vitandani wakingoja ukimya walitazamana, wakaambiana, "Ile hapana mukono yake. Muzungu amemusukuma." Wakajilaza tena. Jua lilipotoka, barabara ya kiwanda ilikuwa nyeupe na tupu, haina hata baiskeli. Nilisimama mlangoni nikaitazama. Sijaona kitu kizuri kama kile maishani mwangu, na kiliniumiza kwa aibu.

Shefu aliandika kwamba nilikaidi amri. Wiki ileile tulitolewa nyumbani, nikapelekwa kwenye machimbo ya Kakanda kusukuma vigari vya mawe. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa huko, na uhuru ulitukuta huko. Niliporudi Likasi nilipokewa kwa nyimbo. Papa Leonardi alinikumbatia mbele ya watu akilia. Ningemwambia nini? Nikamkumbatia nami. Nikarudishwa kwenye sireni, baadaye nikawa shefu wa boila mimi mwenyewe, nikastaafu, na kila sikukuu ya uhuru mnanikalisha kiti cha mbele.

Filomena nilimwambia mwaka alioumwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Muzungu alikukuta umehesabu ngapi?"

"Makumi saba."

"Na siku zote ulihesabu ngapi?"

"Makumi tatu."

Alicheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo.

"Basi weye ulikuwa utavuta saa ngapi?"

Mwezi uliofuata tulimzika. Boila ilizimwa zamani. Saa kumi na moja bado naamka, nalala chali, nasikiliza maji yasiyokuwepo. Sikukuu ikifika, njooni mnichukue. Nitakaa kwenye kiti kile, lakini sasa mnajua mnamkalisha nani: mwoga aliyehesabu mpaka sabini.