Msamaha wa Barabara ya Ronneby

Pélagie wa Norsborg aliendesha mabasi ya Stockholm mpaka akastaafu, na siku aliyorudisha funguo tayari kila mtu alikuwa amempangia kazi. Akina mama wa kanisa walimtaka jikoni, maana sasa ana nafasi. Binti yake, Asifiwe, alimtaka alee wajukuu. Pélagie akawajibu wote, "Tutaona," kisha akaenda mji wa Upplands Väsby akarudi anavuta nyumba.

Ilikuwa karavani kuukuu ya rangi ya maziwa, kama zile ambazo wastaafu wa Kiswidi huzivuta nyuma ya gari kila majira ya joto: vitanda viwili, jiko la gesi, na mapazia ya maua yaliyochujuka. Mumewe, Onésime, fundi cherehani mstaafu na mwalimu wa kwaya asiyestaafu, akaizunguka mikono nyuma.

"Mama Asifiwe," akasema, "tangu tuikimbie Uvira yetu ya Kongo tumelala katika mahema mangapi? Leo tuna nyumba ya ukuta, na wewe unataka kurudi kambini?"

"Kambi hizi zina maji ya moto, Baba Asifiwe. Tena hakuna foleni ya unga."

Ili kumlainisha, akamwambia kwamba watapita miji ya kusini mwa Uswidi ambako watu wanapenda sana muziki. Ni muziki gani, hakusema. Onésime akadhani ni kwaya, akapakia suti.

Kumbe kule kusini, majira ya joto yakifika, karibu kila mji una bustani yenye sakafu ya mbao, na juu ya jukwaa bendi ya dansi: wanaume wenye suti za rangi moja, saksofoni, na nyimbo za mapenzi ambazo zote zinafanana kidogo. Na Waswidi walewale ambao kwenye treni hawakutazami hata ukiwaka moto, pale huja mbele yako, huinamisha kichwa, na hukupa mkono. Mnacheza nyimbo mbili, mnashukuriana, kila mtu anatafuta mwingine. Ndiyo desturi.

Katika bustani ya mji wa Vetlanda, mzee mmoja mrefu mwenye kanda za suruali mabegani akaja mbele ya Pélagie, akainama. Pélagie akamtazama mumewe. Onésime akatazama glasi yake ya juisi. Basi Pélagie akainuka. Zikaisha nyimbo mbili, akaja mwingine, kisha mwingine, na miguu yake, iliyokanyaga breki miaka mingi, ikakumbuka kwamba ilizaliwa kwa kazi nyingine kabisa.

Aliporudi kwenye karavani alimkuta Onésime anaosha vikombe visafi.

"Umewamaliza wanaume wa Vetlanda?"

"Wamebaki wawili, watatu."

Onésime hakucheka. Chai ya asubuhi alikunywa akiwa ameipa dunia mgongo, na walipoondoka akafungua mlango wa nyuma wa gari. "Nitakaa huku kama abiria," akasema. "Wewe si dereva wa basi?"

Njiani kwenda mji wa Ronneby wakasimama kwenye kituo cha mafuta. Pélagie akajaza tangi, akaingia kulipa na kununua maandazi ya mdalasini, akarudi. Kwenye kiti cha nyuma blanketi kubwa limetuna, limefunika kila kitu. Hakushangaa. Tangu ujana wao Onésime akinuna hujifunika gubigubi, hata jua likiwa utosini. Akafunga mlango polepole, akaondoka.

Barabara ilikuwa nyoofu, misitu huku na huku. Kuongea na mtu usiyemwona usoni kuna urahisi wake, na Pélagie, ambaye tangu ndoa alikuwa haombi msamaha kwa urahisi, akajikuta ameanza.

"Baba Asifiwe, najua unasikia. Jana nilivuka mpaka. Wimbo wa kwanza ulitosha, nisingeendelea mpaka yule mwenye jasho." Akapisha lori. "Lakini na wewe unisikie. Kule Uvira ulikuwa unacheza na mimi mpaka bendi inaomba maji. Siku walipokupa kwaya, miguu ukaiweka kabatini. Mimi sikuwataka wale wazee. Mmoja ananuka samaki. Nilikuwa nakutaka wewe. Nisamehe, lakini sikia na hilo."

Blanketi halikujibu. Akaona ni dalili njema, maana Onésime akiwa na hasira kweli huguna. Akaendelea. Akamsifia sauti yake, akasifia hata ile suti ya kijani ambayo aliichukia. Walipokaribia Ronneby, moyo wake ulikuwa mwepesi kama basi tupu.

Kambini palihitajika kurudisha karavani nyuma katikati ya miti miwili. "Shuka unielekeze, mume wangu." Kimya. "Aka! Na msamaha wote ule?" Akashuka, akafungua mlango, akavuta blanketi.

Mito miwili na begi la nguo chafu.

Kwanza alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akaiona simu ya Onésime ikichajiwa kwenye gari, na kicheko kikakatika. Mtu mzima, Kiswidi cha kuokoteza, namba hata moja kichwani hana, yuko peke yake katikati ya misitu. Kwa msaada wa jirani wa kambi akaitenganisha karavani na gari, akageuza. Pale langoni akakutana uso kwa uso na basi kubwa lililochorwa ubavuni sura za wanaume wanaotabasamu. Mlango wa basi ukafunguka. Akashuka Onésime, mkononi ana soseji, haradali imemkaa mdomoni.

Kumbe kule kituoni alikuwa ametandika mito na blanketi apate kulala, akaenda chooni kwanza. Alipotoka akaona mgongo wa karavani unaishia kilimani, akaufuata mbio. Wanabendi waliokuwa pale wakinywa kahawa wakamwuliza anakwenda wapi. "Ronneby, kwenye dansi," akasema, jina pekee alilolikumbuka. Nao ndio waliokuwa wapige dansi hilo. Njia nzima walikuwa wanaimba, na yeye aliwawekea sauti ya pili.

"Umeniacha kama mzigo!" akafoka.

"Na nimekuomba msamaha mpaka koo limekauka."

"Lini?"

"Kutoka kituo cha mafuta mpaka hapa."

"Nani amesikia?"

"Mito," akasema Pélagie, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

Onésime akataka urudiwe wote. Pélagie akakataa, maneno yale yalikuwa yameshatumika. Mwisho akamwambia kwa ufupi, "Nataka kucheza na wewe. Ndiyo maneno yote."

Onésime akafuta haradali. "Mimi mwalimu wa kwaya."

"Hapa nani anakujua?"

"Mungu."

"Mungu alikujua hata Uvira, ulipokuwa unanikanyaga."

Jioni ile mwimbaji wa bendi, Börje, alimpungia Onésime mkono kutoka jukwaani, na Onésime akaona aibu kubaki amekaa. Alianza na miguu ya kanisa, migumu, akihesabu kimoyomoyo. Kufikia wimbo wa pili mabega yalikuwa yamelegea, na Pélagie akahisi ule mkono mgongoni ukijua tena pa kukaa. Nyimbo mbili zikaisha. Bwana mmoja mpole akaja, akamwinamia Pélagie.

"Ana kazi," Onésime akamwambia kwa Kiswidi, na wakaendelea.

Walikwenda kusini majira manne ya joto, mpaka sakafu ya karavani ikaoza kwa mvua. Kuanzia mwaka wa pili, Onésime ndiye aliyejua bendi gani inapiga wapi, na Pélagie ndiye aliyeomba walau siku moja ya kukaa ufukweni, miguu ipungue uvimbe. Hata hivyo kanisani Onésime hakukiri neno. Ila Jumapili moja alifundisha kwaya wimbo mpya wa sifa, wenye mdundo wa kuyumba huku na huku, na katika kibwagizo wazee wote wa safu ya kwanza wakaanza kuyumba.

Asifiwe, aliyeketi na mama yake, akamnong'oneza, "Mama, mbona kama dansi la Waswidi?"

"Ni la Uvira," Pélagie akasema. "Imba."