Bahasha Tupu

Bahasha ya kaki ya dawa ina harufu ya karatasi kavu na uchungu kwa mbali. Nikiifungua yangu, namwona bibi jikoni kwake Buhare, asubuhi ya kliniki ya presha.

Bibi alikuwaga anameza dawa pale tu kichwa kinapomuuma. Asubuhi hiyo vilikuwa vimebaki vidonge sita, na nesi alikuwa mkali. Akavimimina vyote kiganjani.

"Bibi, si ulisema ni kimoja kwa siku?"

"Nyamaza wewe. Nesi anataka kuona bahasha tupu."

Akavimeza kwa uji wa ulezi.

Tulipofika Nyasho, njiani kwenda kliniki, mkono wake ulikuwa wa baridi, umelowa jasho. Akakaa chini ghafla, kando ya dagaa walioanikwa. Watu wakambeba hadi kliniki. Nesi akaniinamia: "Bibi amekunywa nini?"

Bibi akanibana kidole kwa nguvu zote zilizombakia. Kilikuwa bado kinauma nilipojibu, "Sita. Amekunywa sita."

Leo ni siku yangu ya kliniki ya presha. Bahashani kuna vidonge vinne ambavyo vilipaswa kuwa vimeisha, na binti yangu amesimama mlangoni, anautazama mkono wangu.