Sauti ya Betri Zilizoanikwa

Mjomba wangu alisema sitaweza, na alilisema mbele ya watu, ameketi juu ya kreti ya soda nyumbani kwake Langas, Eldoret. "Huyu akiitoa ile sauti," aliwaambia wenzake, "hili gitaa nitalipasua kuni." Mpiga ngoma akauliza kama ni kweli nilikwenda ng'ambo kusomea kuwasha redio.

Sikukasirika. Mtu aliyeosha sufuria za hoteli miaka saba katika nchi ya baridi, akajilipia karo mwenyewe mpaka akapata stashahada ya uhandisi wa sauti, hakasirishwi na mpiga ngoma. Nilimwonyesha tu hiyo stashahada. Kwa bahati nilikuwa nimeibeba.

Mjomba na wenzake, wastaafu wote, wana bendi inayopiga nyimbo za bendi moja ya zamani iliyovunjika kabla sijazaliwa. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu wa mtaa wa Pioneer, ambaye sote tunamwita Mama, alitaka wampigie kwenye sherehe ya miaka hamsini ya ndoa yake. Alitoa sharti moja: kile kinanda cha umeme cha kwenye nyimbo zile akisikie kama kilivyokuwa. La sivyo, wanawe walikuwa wameshazungumza na dijei. Vinanda vya aina hiyo viliacha kutengenezwa zamani, na katika Eldoret nzima sidhani kuna aliyewahi kukiona isipokuwa mimi. Nilikiona ndani ya kioo, kwenye jumba la makumbusho.

Vifaa niliazima. Kanisa letu lilinipa kinanda chake cha kisasa, ambacho mtu anayejua kazi anaweza kukiundia sauti mpya, na mchungaji akasisitiza kirudi kabla ya ibada ya Jumapili. Mfanyabiashara wa vipuri, jirani ya mjomba, alinipa spika mbili pamoja na onyo: "Ndugu yangu, hizi ni za harusi ya binti yangu. Zikiharibika, wewe ndiye utaimba."

Kwa wiki mbili nilifanya kazi ambayo, bila kujisifu, si ya kila mtu. Nilitafuta nakala safi ya santuri yenyewe, nikapima mawimbi ya sauti, nikaunda kila noti upya mpaka ule mkwaruzo mdogo noti inapoanza. Shida ilikuwa wazee. Katika mazoezi magitaa yao yalikuwa chini ya kinanda changu kwa nusu noti, nao walikataa kuyapandisha.

"Kaza nyuzi, Mjomba."

"Wimbo uko hapa."

"Santuri inasema uko juu."

"Hiyo santuri ilikuwa wapi sisi tukijifunza?"

Niliwahurumia. Masikio huzeeka kama magoti.

Siku chache kabla ya sherehe tulikwenda kwa Mama tukamsikilizishe. Nilipiga ule mwanzo wa wimbo anaoupenda, sauti ikatoka kama iliyokatwa kwenye santuri kwa wembe. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaniongezea chai.

"Ni nzuri sana, mwanangu," akasema. "Lakini si yenyewe."

Mjomba alitazama dari.

Mama aliingia chumbani akatoka na redio kaseti ya zamani. Mumewe, bila kuambiwa, alikwenda dirishani akachukua betri nne zilizokuwa zimeanikwa juani, akazifuta kwa shati, akazitia. Kaseti ikaanza kuzunguka kwa uchovu. Wimbo ukatoka umeshuka nusu noti, na kinanda kikawa kinayumba, kinakaribia kuzama, kinaibuka tena.

"Unasikia?" Mama akasema. "Kinalia."

Nilifungua mdomo kumweleza kwamba anachokisikia ni betri zinazokata roho. Mjomba alinikanyaga mguu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba yeye na wenzake walijifunza nyimbo zote kwa mashine kama hiyo, na kwamba kwa wiki mbili nilikuwa nikiwagombeza kwa kosa la kuwa sahihi. Niliiazima redio.

"Na usiitie betri mpya," Mama akaniambia mlangoni. "Utaniharibia."

Basi nikaketi nikaanza upya, nikitumia elimu yangu yote kuharibu kazi yangu mwenyewe. Nilishusha kinanda nusu noti, nikakiyumbisha polepole. Kisha nikafanya jambo la akili. Kinanda kile kikiwashwa hufungukia sauti namba moja. Kwa kuwa stima ya hapa naijua, umeme wa kukatika ovyo, niliihifadhi sauti yangu hapo, mahali pa ile sauti ya piano ya kanisa, ili stima ikipotea na kurudi, nisipapase.

Jumamosi, siku ya sherehe, stima ilipotea katikati ya wimbo wa pili. Iliporudi, noti yangu ya kwanza ilitoka ikilia vilevile, na Mama akamvuta mumewe kwa mkono wakacheza. Dijei hakuitwa. Mwishoni nililiona gitaa la Mjomba likirudishwa ndani ya mfuko likiwa zima.

Kesho yake, asubuhi na mapema, nilimlipa kila aliyeniazima. Spika zilikaguliwa kwa tochi, zikapita. Redio ilirudi na betri zake nne, na mume wa Mama akazipeleka dirishani. Kinanda nilikifikisha kanisani dakika kumi kabla ya ibada, nikaketi mbele, nikajisikia mtu aliyemaliza.

Kwaya iliposimama, mpiga kinanda akabonyeza, na wimbo wa kuingilia ukatoka umeshuka, unayumba na kulia. Nilikumbuka ile piano niliyoifuta. Wanakwaya walitazamana, kisha wakaufuata huko chini. Wazee wa sauti nzito, ambao kwa miaka walikuwa wakitafuna tu maneno, waliimba kwa mara ya kwanza nikawasikia.

Baada ya ibada nilimfuata mchungaji, nikamwambia nimesahau kitu kidogo kwenye kinanda, nitakirekebisha Jumatatu.

"Kitu gani?" akauliza. "Wewe kiache hivyo hivyo."

Basi ndivyo nilivyomaliza madeni yote siku moja. Ilibaki piano, na mpaka leo hakuna aliyeidai.