Daftari la Bi Faili

Bi Faili alikaa masjala miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo lilipotea faili moja tu, tena siku hiyo yeye mwenyewe alikuwa hospitalini kalazwa. Hilo atakuambia ukikaa naye dakika kumi. Jina alilopewa na wazazi wake ofisi nzima ilishalisahau. Siku ya kumuaga, mkuu wa idara alilisoma kwenye karatasi, watu wakaanza kuulizana huyo ni nani.

Alipostaafu, waliokiona cha moto ni watu wa nyumbani. Mwezi haukuisha, makopo yote ya jikoni yalikuwa yamebandikwa majina, viatu vimepangwa mlangoni kwa umri wa wenye viatu, na mumewe, fundi saa mpole asiyependa maneno, akawa haipati miwani yake pale alipoiacha.

"Iko mahali pake," Bi Faili humwambia.

"Mahali pake ni pale nilipoivulia," mzee hujibu, kisha huendelea kupapasa.

Mtu mmoja tu alimshinda. Huyo ni mkwewe, mke wa mwanawe wa mwisho, aliyekaa na mumewe katika vyumba viwili vya nyuma. Binti huyu kazi yake ni kutengeneza tovuti, na fujo yake, jamani, ilikuwa fujo ya kusimuliwa. Taulo huliacha juu ya kiti. Chanuo huliacha dirishani. Kompyuta yake ukiifungua, folda zimejaa uso mzima wa skrini, huwezi hata kujua nyuma yake kuna picha gani.

"Mwanangu, hii ni meza au jalala?" Bi Faili aliuliza siku ya kwanza kuiona.

"Mama, mimi najua kila kitu kilipo."

"Hata kunguru wa jalalani anajua."

Binti alicheka mpaka akakaa sakafuni, na hapo hapo Bi Faili akampenda. Maana yeye alizaa wavulana watatu, wote wakachukua ukimya wa baba yao. Amewatania maisha yao yote na hakuna aliyewahi hata kuonyesha jino. Basi kila jioni wawili hao wakawa wanakaa kwenye ngazi za jikoni, mmoja anamenya, mwingine anakatakata, wakiwasengenya majirani hadi chakula kinaungua. Bi Faili hakuwahi kumwambia binti kwamba saa hiyo ndiyo aliyokuwa akiingojea tangu asubuhi.

Sasa, chama cha makarani wastaafu kikataka orodha ya wanachama wake iwe kwenye mtandao. Bi Faili, ambaye ndiye katibu, akasimama na kusema ataitengeneza mwenyewe. Kwani ni nini? Orodha ni orodha. Aliporudi nyumbani akamwita mkwewe, na mkwewe akamtolea kompyuta yake ya zamani, akaomba ruhusa ya nusu siku kazini, akavuta kiti.

"Tutatumia Python, mama, lugha ya kuiagizia kompyuta. Juu yake tunasakinisha Django. Hicho ni kiunzi cha tovuti. Milango na madirisha wameshakutengenezea, wewe unaleta vyombo vyako tu. Lakini kwanza tunatengeneza mazingira."

"Mazingira gani tena? Si nikisakinishe tu humo kwenye kompyuta, yaishe?"

"Hapana. Kazi hii itataka Django toleo hili, kazi nyingine itataka toleo jingine. Ukizichanganya zinagombana. Kwa hiyo kila kazi inapewa folda yake, na ndani ya folda hiyo vitu vyake peke yake."

"Aa! Kila idara na jalada lake. Ungesema hivyo tangu mwanzo."

Akaandika kila hatua kwenye daftari kwa mwandiko wake wa masjala, herufi zimesimama wima. Ingia katika folda ya wastaafu. Fungua dirisha jeusi la kuandikia amri. Tengeneza mazingira. Yawashe, jina lake lionekane kwenye mabano mwanzo wa mstari. Sakinisha Django. Washa seva, ndiyo inayoonyesha ukurasa. Alikosea mara tatu, mara ya tatu kwa kubishana na mashine kuhusu nafasi kati ya maneno mawili, lakini kabla ya saa nane mchana ukurasa ulifunguka, na katikati yake roketi inapaa, ishara ya Django kwamba kazi imekubali. Bi Faili alipiga ukelele mpaka mumewe akaangusha springi ya saa ya watu.

Jioni, kama alivyofanya miaka thelathini na mmoja, alifunga kazi. Masjala haifungwi na kitu kimebaki mezani. Akaikokota folda ya wastaafu kutoka usoni mwa skrini, akaiingiza katika folda kubwa aliyoifungua mwenyewe na kuiita Kabati, na humo ndani kila siku ilikuwa na folda ndogo ya tarehe yake. Kila jioni kazi ya siku ingehamishiwa kwenye tarehe ya siku hiyo, ili mtu akifungua ajue iliguswa lini mara ya mwisho. Akazima, akafunika kompyuta kwa kitambaa, akaenda zake kwenye ngazi za jikoni.

Kesho yake asubuhi akaifungua folda humo humo ndani ya Kabati, akafuata hatua za kuwasha tu, maana mazingira na Django vilikuwa tayari tangu jana. Jina kwenye mabano likatokea vizuri. Akawasha seva, na mashine ikamjibu kwamba haijui kitu kinachoitwa Django.

"Hukijui? Jana umekaa nacho mchana kutwa!"

Mkwewe alikuwa ameshakwenda kazini, na Bi Faili si mtu wa kuwapigia watu simu kazini akilialia. Akafuta mazingira yote, akaanza upya, roketi ikapaa. Asubuhi iliyofuata, hakuna Django. Akaanza upya. Siku ya tatu hivyo hivyo, ya nne hivyo hivyo. Jioni binti akimuuliza "Vipi, mama?" hujibu "Inakwenda," maana aliyejigamba mbele ya chama kizima hawezi kuungama kirahisi. Lakini moyoni alishaanza kupiga hesabu. Kompyuta ni ya binti. Baadhi ya jioni binti huifungua dakika mbili tatu, eti anatafuta kazi zake za zamani. Eti!

Ijumaa jioni wakiwa mezani wote wanne, hesabu ikamtoka mdomoni.

"Kuna mtu ananichezea," alisema, akiitazama chumvi.

"Anakuchezea nini, mama?" binti akauliza.

"Nikiiacha kompyuta, kazi yangu nzima. Nikirudi, mbovu. Nywila yake tunaijua wawili, na mimi sijajichezea."

Kijiko cha binti kikasimama hewani. "Mama, unanisema mimi?"

"Sijataja jina la mtu."

"Umetaja hesabu, mama. Tuko wawili."

Mwanawe alikohoa. Mzee akaichunguza sahani yake kana kwamba ina saa ndani. Binti alimaliza chakula, akaosha sahani yake, akaikausha na kuirudisha mahali pake kabisa, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aolewe. Hilo lilimtisha Bi Faili kuliko kelele zozote.

Tangu siku hiyo binti akawa na adabu ya kutia uchungu. Umeamkaje, mama. Pole na kazi, mama. Usiku mwema, mama. Kwenye ngazi za jikoni Bi Faili akawa anamenya peke yake, ana habari motomoto ya jirani wa pili na hana wa kumpa. Jumanne mwanawe, yule bubu wake, akachagua siku hiyo kusema sentensi nzima.

"Mama, tumekwenda kuona nyumba ya kupanga, karibu na kazini kwake, tumeipenda."

Bi Faili angeweza kusema nisameheni, msiende. Badala yake akasema, "Haya." Kwani yeye si ndiye aliyekosewa? Na ushahidi alikuwa yuko njiani kuupata. Tangu Jumatatu alikuwa ameifungia kompyuta katika kabati la nguo, ufunguo anatembea nao, na nywila ameibadilisha. Juu ya hapo alifungua daftari jipya, lile ambalo kila masjala inalo: faili limetoka wapi, limekwenda wapi, saa ngapi, nani kalihamisha, sahihi. Atakayeigusa folda ile atajulikana.

Alhamisi asubuhi akafungua kabati la nguo, akawasha kompyuta, akafuata hatua zake. Mashine haijui Django.

Mkwewe hakuwa amesogea hata karibu ya mlango wa chumba. Bi Faili akalivuta lile daftari jipya, akavaa miwani, akasoma kama alivyokuwa akisoma mbele ya makarani wadogo wanaotetemeka. Jumatatu, imetoka tarehe ya Ijumaa, imekwenda tarehe ya Jumatatu. Jumanne, imetoka tarehe ya Jumatatu, imekwenda tarehe ya Jumanne. Jumatano, vile vile. Imehamishwa mara tatu, na sahihi tatu, zote zake, zimesimama wima. Masjala ilikuwa na sheria moja ambayo yeye mwenyewe aliwaliza watu nayo: kitu kikiharibika, aliyesaini mwisho ndiye mwenye kesi.

"Mungu wangu," alisema. "Ni mimi."

Lakini karani hahukumu kabla ya kupima. Akatengeneza mazingira upya, akasakinisha, roketi ikapaa, na ilipofika jioni akazima bila kuhamisha chochote. Yule mama aliteseka! Kwenye chakula aliinuka mara mbili kwenda kuiweka folda ile mahali pake, na mara mbili akarudi na kukaa. Ijumaa asubuhi akawasha seva bila kusakinisha kitu. Roketi ikapaa. Hakupiga ukelele wowote, alikaa tu akiitazama, na aibu ikampanda kutoka miguuni.

Jioni alikaa kwenye ngazi za jikoni na kisu chake cha kumenyea, akamngojea binti aingie.

"Mwanangu, njoo. Aliyekuwa akinichezea nimempata."

Binti alisimama mbali kidogo. "Nani?"

Bi Faili akamnyooshea daftari. Binti akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Midomo ikaanza kumcheza, akaibana.

"Nilikusingizia," Bi Faili akasema. "Tena mbele ya mumeo. Tangu jana chakula hakinipiti. Nisamehe, mwanangu."

Binti akakaa, si karibu sana. "Mazingira yakitengenezwa, mama, yanaandika ndani yake anwani ya pale yalipo. Ukiyahamisha, yanaendelea kukuelekeza kule kule kwa zamani, na kule hakuna kitu."

"Mimi nilijua faili ni faili, liwe mezani, liwe kabatini."

"Najua. Nililiona Kabati lako, na tarehe zake zote. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Siku ya pili yake nikawahi kurudi, nije nikuambie."

"Siku gani hiyo?"

"Ijumaa ile. Ukanitangulia."

Bi Faili akamgeukia. "Sasa mbona hukusema pale pale mezani? Ungenimaliza."

"Mbele ya baba na mwanao? Ungeuficha wapi uso, mama?"

Hapo Bi Faili akalia, waziwazi, kisu mkononi. Binti akamnyang'anya kisu, akasogea karibu.

"Basi hamhami tena," Bi Faili alisema.

"Tunahama, mama." Binti alisema polepole. "Hasira zimekwisha, nakuapia. Lakini siku ile tulipoingia katika ile nyumba nilivua viatu katikati ya chumba, nikazunguka kote, nikarudi, nikavikuta pale pale. Nilifurahi mpaka nikajishangaa."

Ilimuuma Bi Faili, na ilimchekesha, na hakujua aanze na lipi. Alijua tu kwamba lilikuwa kweli.

"Na mimi nitakaribishwa huko?"

"Kila Jumapili. Ila hugusi kitu."

"Hata sufuria?"

"Hata sufuria."

Bi Faili alifikiri kwa muda mrefu kuliko alivyofikiri siku alipoposwa. "Ni mbali?"

"Dakika ishirini kwa miguu."

"Kwa mwendo wangu kumi na tano," alisema, akajifuta macho. "Haya. Jumapili nitakuja, na mikono nitaikalia."