Matrisi Safi na Krimu ya Ukweni

Naona haya hata kuanza, lakini kwa kuwa Bunia nzima imeshasimulia kivyake (wapo wanaosema pipa lilipasuka, uongo mtupu, pipa lilibaki zima kabisa), acha na mimi niseme yangu.

Mimi ni injenieri wa mashine. Baba yake Dorcas, msichana niliyetaka kumwoa, anafuga ng'ombe upande wa Djugu, na alikuwa ametuma ujumbe wazi kwamba hatoi binti kwa mtu asiye na kazi ya kueleweka, maana siku moja alinikuta nimeinamia karatasi nachora viboksi, akaondoka anatikisa kichwa. Basi nikaamua: siku ya kujitambulisha kwa wakwe nitapeleka mashine yenye pipa la kupiga krimu mpaka itoe siagi, na itawaka palepale uani, mbele ya ukoo.

Vile viboksi ndiyo matrisi yenyewe. Unaandika sehemu za mashine kwenda chini, unaziandika tena kwenda kando, kwa mpangilio uleule utakaoufuata kuziamua, halafu unatia msalaba pale kitu kimoja kinapotegemea kingine. Misalaba yote ikikaa chini ya mstari wa mshazari unaokata katikati, raha, unaamua na kusonga mbele, lakini ukibaki hata mmoja juu ya mstari, ujue kuna kitu umekiamua mapema na utalazimika kukirudia. Wangu ulibaki mmoja, mkaidi: mfuniko unategemea mwendo. Mwendo ukizidi, krimu inapanda na kusukuma mfuniko, na ukiukaza mfuniko, mpira wake unabana chuma kinachozungusha mapanga ya kupigia krimu, mwendo unashuka, na wewe unaanza upya. Nihangaike hivyo na suti bado iko kwa fundi? Nikachukua kifutio. Matrisi ikatoka safi, nzuri, nikaipiga picha nikaiweka kwenye status (ndiyo, niliiweka kwenye status, cheka tu).

Siku ikafika. Sasa ujue kwamba kwetu siku hiyo anayeoa hafungui mdomo, anasemewa, na msemaji wangu alikuwa baba mdogo Faustin, mtu asiyependa kushindwa hata kwa salamu. Tukawasha groupe, yaani jenereta, mashine ikazunguka taratibu, vizuri, nami nikakaa na tai yangu najisikia mtu. Baba yake Dorcas, kofia kichwani, akaitazama weee.

"Hii mashini iko inalala?" akasema. "Mama ya Dorcas anaipita."

Ukoo ukacheka. Baba mdogo akapanda moto: "Papa, ile ilikuwa kuonja tu! Mutoto wetu ataongeza mwendo, utaona!"

Nikaikumbuka matrisi yangu. Mwendo unagusa mota na mapanga, basi, mfuniko hauna msalaba (na nani aliuondoa, si mimi huyuhuyu?). Nikazima, nikabadilisha puli, nikafunga ya mwendo mkubwa, nikawasha tena. Ikanguruma kweli! Mzee akafurahi, akasogea, akainama juu ya pipa asikilize, na hapo ndipo nikaona mfuniko unacheza. Nikamvuta baba mdogo koti.

"Nyamaza," akasema bila kugeuka. "Fiyanse hasemake."

"Lakini mufuniko..."

Akanikanyaga mguu. "Nimesema nyamaza! Unataka waseme hatuna adabu?"

Mfuniko ukaruka. Krimu ikampata mzee kuanzia kofia, ikawapata mashangazi na vitambaa vyao vya sherehe, ikampata pasta aliyekuwa bado amefungua mdomo kwa kicheko. Nikakimbia kuchomoa waya, nikateleza, nikaenda kukaa kitako miguuni pa mama mkwe, ambaye siku ile sikutakiwa hata kumkaribia. Mtu mwingine ndiye aliyewahi kuzima groupe. Moyoni nikasema, Dorcas ameenda, nimempoteza, na nikataka kulia kabisa.

Mzee akavua miwani, akaifuta. "Leteni kibuyu."

Nilidhani ni cha kunipigia. Kumbe ni kile wanawake wanachotikisia maziwa. Wakanikalisha katikati yao, suti na tai, wakamimina krimu iliyobaki, wakaniambia tikisa. Nikatikisa. Mashangazi wakawa wananisahihisha huku wanajifuta machozi ya kicheko: "Ah-ah, si vile! Unaua nzoka?" (nyoka, ndivyo wanavyomwita). Bega likawaka moto, siagi haionekani, na mimi sithubutu kuacha, ningetikisa hata mpaka kesho yake.

Mzee alinitazama, krimu inamtiririka shingoni. Mwishowe akageukia mlango wa nyumba.

"Dorcas! Kuja umusaidie bwana yako. Peke yake hatafika."

Bwana yako! Vigelegele vikapigwa, baba mdogo akadai ni hotuba yake iliyofanya kazi, na mimi nikaendelea kutikisa maana hakuna aliyeniambia niache. Tumeoana, ndiyo. Ila nimeapa: mbele ya wakwe siwashi tena kitu chochote, hata redio.