Aliyeliona Shavu Langu Kwanza

Kuna mama aliyehama kijiji chetu cha Kisian kwa sababu ya shavu langu. Alikuwa mkaanga mandazi tu, lakini aliondoka akiwa mchawi, na waliomfanya mchawi nitawataja mmoja mmoja. Majina siyaweki, maana wengine wana wajukuu shuleni, na watoto hao hawajanikosea. Wenyewe watajijua.

Miaka ya themanini ilikuwa imeanza tu, mimi nina miaka saba. Baba alikuwa kazini kwenye kiwanda cha sukari, anarudi mwisho wa mwezi. Mama alikuwa anashona nguo sokoni Kibuye, anaondoka asubuhi, anarudi jioni. Nyumbani tulibaki na shangazi, dada yake baba, na neno lake lilikuwa zito kuliko la mama.

Meno yangu yakaanza kucheza. Yale ya mbele, ambayo wakati wake ulikuwa umefika, hayakuwa na shida. Yaliyocheza ni ya nyuma, juu, upande wa kushoto, matatu kwa wiki moja. Niliyasukuma kwa ulimi yakalala, nikayavuta yakasimama, na hayakuuma hata kidogo. Mtoto anajua jino linapaswa kuuma. Niliogopa kabla ya mtu yeyote.

Mkosaji wa kwanza ni yule mng'oa meno aliyekaa nje ya kinu cha posho na koleo lake. Alitoa yote matatu, akaniambia nisukutue maji ya chumvi. Shimo halikuziba. Nyama laini ikapanda kutoka ndani, ikajaa pale meno yalipokuwa. Wa pili ni mwenye kliniki, mtu wa koti jeupe bila cheti ukutani. Alinidunga sindano ya malaria na nyingine ya jipu. Malaria nilikuwa nayo kweli. Nani kwetu hakuwa nayo? Shavu halikumjali, likazidi kuvimba.

Sasa, mama wa mandazi. Alikuwa Mwislamu wa mjini, baba yake mtu wa pwani, mama yake wa huku kwetu. Alikodi chumba kimoja karibu na njia panda. Kiswahili chake kilikuwa kirefu kuliko chetu, na watu walimcheka wakimwigiza, lakini mandazi walinunua. Asubuhi moja nilitumwa kwake. Nikaanza kula pale pale, nikitafunia upande wa kulia. Akaacha kukaanga, akanishika kidevu.

“Hebu geuka. Jicho hili limeanza lini?”

“Jicho gani?”

“Linasukumwa, mwanangu. Kuna kitu nyuma yake.”

Akaepua karai, akanishika mkono mpaka nyumbani.

“Huyu si mgonjwa wa meno,” akamwambia shangazi. “Mpelekeni hospitali kubwa leo. Mtoto wa jirani yetu mjini alianza hivi hivi.”

“Huyo mtoto yuko wapi?”

“Walimchelewesha.”

Shangazi akamtazama kuanzia viatu. “Kwa hivyo wewe ulikuwa unaangalia mtoto wetu akikula?”

“Si ndiyo nikaliona jicho?”

Hapo alijimaliza. Kwetu kuna kitu kinaitwa sihoho, jicho baya. Mwenye nalo akikuangalia unakula, chakula kinakwama ndani ya mwili na pale kilipokwama panavimba. Na husemwa kwamba mwenye jicho ndiye hutangulia kuona uvimbe, maana ni kazi yake mwenyewe. Basi mtu mmoja tu katika Kisian yote alikuwa ameniangalia vizuri, na kule kuangalia vizuri kukawa ushahidi.

Kesho yake shangazi akamleta mkosaji wa tatu, mama mtoa sihoho, na wembe wake na pembe yake ya kunyonyea. Majirani wakajaa mlangoni. Akanichanja shavu, kisha akauliza kwa sauti ya kusikiwa nje, “Nani alikuangalia ukikula?”

Nilijua wanachotaka. Mkono wa shangazi ulikuwa begani kwangu, mzito.

“Mama wa mandazi,” nikasema.

Akaweka pembe, akanyonya, akatema kwenye sahani kipande cha mandazi. Watu wakapiga kelele kama mpira umeingia golini. Kipande kile kilikuwa kikavu. Kilitoka ndani ya shavu lenye damu, na kilikuwa kikavu! Niliona. Sikusema kitu.

Mchana huo huo vijana wakalimwaga karai lake la mafuta barabarani. Jioni mama alipofika kutoka Kibuye, yule mama alikuwa amesimama kwetu uani na mzigo kichwani.

“Naenda Bondo kwa dada yangu,” alimwambia mama. “Mchawi niiteni, sawa. Lakini mtoto mpeleke hospitali.”

“Umesikia?” shangazi akaruka. “Hospitali ndiko anataka! Akammalizie huko.”

Ndivyo tulivyokosea, na sidhani kuna watu wengine wangekosea hivyo. Kwa kuwa mshtakiwa alitaka hospitali, hospitali ikawa mtego wake. Tukakaa wiki tatu, watu wazima wenye akili zao, tukingoja sihoho limalizike kutoka. Mimi nililala na kiganja shavuni kupima, na kila asubuhi kiganja hakikutosha. Ugali ulinishinda, kisha uji. Jicho la kushoto likaanza kuona ukungu, baadaye likaacha. Mama alilia akinifunga kitambaa, lakini shangazi alimshinda. Mama naye namtaja.

Baba aliporudi mwisho wa mwezi hakusalimia mtu. Alinipakia kwenye baiskeli. Hospitalini daktari aliuliza neno moja tu, “Mlikuwa wapi?” Sindano zao zilinitapisha nyongo na kuniondoa nywele zote, lakini kabla wiki haijaisha shavu lilikuwa linashuka kama puto lililotobolewa. Nilipona. Jicho halikurudi. Shule niliiachia darasa la nne, kwa majina waliyonipachika, nikaenda kukaa na mama kwenye cherehani.

Miaka ikapita, nikazaa. Mtoto wangu wa kike alipofikisha miaka sita, tayari tuko mwisho wa miaka ya tisini, hofu yangu ikawa kazi. Kila asubuhi kabla ya chai nilimpapasa taya, kushoto na kulia, mpaka akawa analia akiniona nakuja. Siku jino lake la chini lilipocheza sikungoja kunawa uso. Nilikuwa hospitalini kabla daktari hajafika.

“Mama, hili ni jino la utoto, linataka kuanguka tu,” daktari akacheka.

Mimi sikucheka. Nikamwambia siondoki mpaka mtu aniambie ni nini kilichonila mimi. Akaniitia mtu wa maabara, mzee mpole, nikamsimulia meno, shavu na jicho. Aliniuliza nafanya kazi gani. Nikasema nashona.

“Basi utaelewa upesi,” akasema. “Ndani ya kila chembe ya mwili kuna uzi mrefu, na maagizo yote ya mwili yako kwenye uzi huo. Ni mrefu mno kukaa hivi hivi, kwa hiyo umezungushwa kwenye vishanga vidogo, kama uzi kwenye bobini. Uliokazwa hausomeki, uliolegezwa husomwa. Sasa, kuna kirusi kinachoingia kwa mate. Kinaingia kwenye chembe nyeupe za damu na hakifanyi fujo. Kinajibana kwenye ule uzi kama pini kwenye kitambaa. Chembe ikigawanyika kuwa mbili, nacho kinabebwa huku na huku. Na maagizo yake karibu yote kinayakaza yasisomwe, ili walinzi wa mwili wasikijue.”

“Sasa uvimbe unatoka wapi?”

“Malaria. Ikikurudia kila mara, chembe hizo zinagawanyika mbio mbio. Siku moja uzi unakatika na kuungwa vibaya. Agizo la kukua, ambalo hukazwa na kulegezwa kwa wakati wake, linashonewa karibu na sehemu isiyokazwa kamwe. Hapo chembe inakua haijui kusimama, ndiyo saratani. Chembe iliyoharibika hivyo hujiua yenyewe, lakini kirusi kinaizuia.”

“Kwangu kilitoka?”

“Hakitoki. Kimelala. Hata mimi ninacho.”

“Mate ya nani?”

“Mama, huku karibu kila mtoto hukipata angali mdogo, na wengi hawaugui kamwe. Usimtafute mtu.”

Nilikuwa nimeshampata. Mama alikuwa ananitafunia samaki, anatoa miiba kwa ulimi, kisha ananitia mdomoni. Na huyu binti yangu niliyemshika mkono nilimlisha hivyo hivyo, samaki kwa samaki, mpaka alipoota meno. Lakini nilipoinuka kwenye benchi nilikuwa na jambo moja kichwani. Katika maneno yote ya yule mzee, hapakuwa na jicho la mtu.

Nikaenda Bondo na mwanangu. Nilimkuta karibu na soko, amezeeka, bado anakaanga. Alinitambua kwa jicho langu bovu.

“Ulipona,” akasema.

Nikampa yote, uzi na pini na malaria. Alisikiliza huku akigeuza mandazi.

“Kwa hiyo umekuja kuniambia sikufanya,” akasema. “Unadhani nilikuwa sijui?”

“Nilitaka usikie kutoka kwangu.”

“Kutoka kwako nilishasikia. Nilikuwa nyuma ya watu pale mlangoni siku ile. Mtoa sihoho aliuliza tu, aliyenitaja ni wewe.”

“Nilikuwa mtoto, mama.”

“Ulikuwa mtoto. Sasa je? Kaseme Kisian, pale pale walipomwaga mafuta yangu. Huku Bondo hakuna mtu aniitaye mchawi.”

Nikamsogeza mwanangu mbele, nikamwomba amtazame taya, maana yeye ndiye aliyeona kwangu.

“Hospitali wamesema nini?”

“Jino tu.”

“Basi ni jino.” Hakumtazama.

Siku ya soko nikasimama njia panda ya Kisian, jasho likinitoka kama nina homa. Nikasema ilivyokuwa. Vijana wakacheka. “Mathe, mandazi ya mwaka gani?” Kando ya barabara shangazi yangu, sasa ajuza, alikuwa ameketi nyuma ya lundo lake la omena, dagaa wa ziwani.

“Nyathina, mwanangu, acha kujiaibisha,” akasema. “Nani alikuponya? Si ile pembe?”

“Ni sindano.”

“Sindano zilikuja ugonjwa umeshatolewa.”

Na watu wakatikisa vichwa kumkubalia yeye! Nikaona nikianza na wale wengine nitashindwa. Nikaanza upya, na safari hii nikaanza na mimi. Nikasema mimi ndiye niliyemtaja, niliulizwa nikamtaja, na kipande kilichotemwa kwenye sahani kilikuwa kikavu, nilikiona nikanyamaza. Kicheko kikakatika. Shangazi akaanza kuchambua omena ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa.

Mzee mmoja mwenye baiskeli, aliyekuwa mteja wa mandazi yale, akanisogelea.

“Kwa hivyo anaweza kurudi?”

Nikamwambia sijui kama anataka.