Sauti ya Beryl Imekwama Kwenye Mashine ya Kanisa

Admin, nifichie jina langu na la kanisa, maana wanaonijua wamejaa humu ndani na hawapitwi na kitu. Mimi ni mwanamke wa miaka 32, nina mume na mtoto mmoja, tumwite Tasha, tunaishi Kabiro, Kawangware. Ni fundi wa kompyuta. Kanisa letu liko Soweto West kule Kibera na mimi ndiye ninayetunza mitambo ya kurekodi ibada. Mume wangu ni msaidizi wa pasta, na hapo ndipo shida yangu inapoanzia.

Kwetu hairuhusiwi kutoa simu wakati wa ibada. Ukitaka wimbo wako au ushuhuda wako, unakuja kwangu baadaye nakupa. Kila kitu kinaingia kwenye kompyuta ya mezani kwangu, kisha kinapita kwa waya wa mtandao hadi kwenye mashine ya diski iliyo stoo. Katikati, ndani ya kompyuta, kuna kadi ya mtandao ambayo pasta aliipata kwa ofisi fulani ya mjini iliyokuwa inafungwa. Kadi hiyo inapeleka data yenyewe. Kompyuta inaikabidhi mzigo tu na kuendelea na mambo yake. Niliipenda sana, lakini draiva yake, yaani programu inayoisimamia, ina kasoro. Ukifunga mtandao ghafla kadi ikiwa bado na mzigo, draiva haiiambii imalize wala irudishe kilichobaki. Inakaa tu kungoja jibu ambalo haliji, na kompyuta inaganda.

Nililigundua hilo mapema, nikawaambia wote waniache kwanza nifunge rekodi na kutenganisha diski, ndipo mtandao ufungwe. Lakini vijana wetu nao, maombi yakianza wanainamisha vichwa wakiwa ndani ya Wi-Fi ya kanisa kwa simu walizoficha. Pasta akakasirika, akaamuru mtandao ufungwe kila tukianza kuomba, na kazi hiyo akampa mume wangu. Anaufunga kwa simu yake. Mtandao wote unapitia kompyuta yangu, kwa hiyo akifunga ya vijana anafunga na njia ya diski. Nilimwomba awe ananiangalia kwanza. Akaniambia nyumbani ni mimi na yeye, lakini kanisani nisimfundishe kazi mbele ya watu.

Sasa kulikuwa na msichana wetu mmoja wa kwaya, nitamwita Beryl. Aliugua muda mrefu. Jumapili moja akasimama, akatoa ushuhuda, na karibu wote ulikuwa wa mama yake. Mama Beryl anauza omena, wale dagaa wa ziwani, Kisumu Ndogo hapo hapo Kibera, na siku hiyo hakuja, alikuwa sokoni. Beryl alimshukuru kwa mambo madogo madogo, mengine ya kuchekesha, kisha akamwimbia. Watu walilia. Wengine wakaanza kuomba hata kabla hajamaliza, na mume wangu kuona hivyo akafunga mtandao. Niliinua mkono lakini kioo changu kilikuwa kimeshaganda. Wiki hiyo hiyo Beryl akafariki.

Naomba mnielewe hapa. Ule ushuhuda haujafika kwenye diski, na kadi haiwezi tena kuufikisha. Uko kwenye kumbukumbu ya kompyuta ambayo inaishi kwa stima tu. Ukiizima, umepotea. Kwa hiyo sijaizima. Stima ikipotea naipeleka kwa betri ya kanisa ambayo ni kuukuu, na ninasimama pale hadi irudi. Kila amri ninayoandika inakwama. Niliuliza mafundi wa mtandaoni, akanijibu mmoja, mtu mstaarabu, kwamba kasoro hiyo inajulikana na draiva mpya imeshairekebisha. Draiva mpya sasa inafunga kila kitu kwa utaratibu kabla ya kuuachia mtandao. Ila kuiingiza, lazima kwanza nizime kompyuta. Nilisoma jibu hilo nikacheka, kisha nikalia mbele ya mtoto.

Mume wangu alimwambia pasta kwamba ni mambo ya stima. Sikumpinga. Nikisema ukweli namwaibisha mbele ya kanisa zima, na nyumba yangu naijua. Pasta naye anataka mashine iwashwe upya Jumamosi kwa sababu Jumapili tuna wageni. Nilimsihi, akasema kanisa haliwezi kusimama kwa ajili ya rekodi moja.

Kitu kilichonimaliza ni kingine. Mama Beryl alimwendea mume wangu akiuliza sauti ya mtoto wake, na yeye, kwa kutafuta amani, akamwambia mashine imechoka tu, ikizimwa na kuwashwa atamsikia Beryl. Mama yule ameamini. Amewaambia dada zake waje Jumapili. Jana alinifuata huko mitamboni, akaweka mkono juu ya kompyuta.

"Mama Tasha, hii kitu iko moto," akasema. "Kwani inamshikilia ya nini? Si mzime tu muwashe."

Nikamwambia tusubiri kidogo. Akaniuliza kama nimemkosea heshima mtoto wake kwa sababu yeye mama yake ni muuza omena. Alipoona nalia alinishika bega na kuniomba msamaha, yeye ndiye akaniomba mimi msamaha.

Nyumbani nilimwambia mume wangu aende akamweleze. Akasema, "Ukimwambia ukweli utamuua mara ya pili. Wacha izimwe, tuseme imekataa." Labda ana huruma kwa njia yake. Labda anajificha. Mimi sijui tena.

Ndugu zangu, msinitukane, niambieni tu la kufanya. Hakuna fundi wa kuniokoa, nimeuliza kila mahali. Jumamosi asubuhi Mama Beryl anakuja. Ameniomba kitu kimoja tu, kwamba nimwachie abonyeze yeye mwenyewe ile swichi ya kuzima na kuwasha, kwa mkono wake, ndiyo awe wa kwanza kumsikia mtoto wake akirudi. Nimemwambia sawa.